Jenereta Niliyoisifia Mbele ya Kamati

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa tangu nizaliwe sijamwomba mtu msaada, uliza yeyote huku milimani West Virginia, nyumba nimejenga kwa mikono hii, kisima nimechimba mwenyewe, shule niliiacha darasa la sita kwa kuwa walimu walikuwa wameishiwa maneno. Sasa mke wangu Dreama anapumua kwa mashine ya oksijeni, na huku upepo ukipiga chafya tu umeme unakatika siku tatu, basi wabunge wa jimbo wakaleta muswada wenye kifungu kwamba nyumba yenye mashine ya mgonjwa irudishiwe umeme kwanza, Dreama akanituma nikatoe ushahidi, akaniambia, "Orval, sema ukweli, kisha uketi."

Nikafika, kikao cha mambo ya walemavu kiko ghorofa ya pili na lifti mbovu, mama mmoja wa kiti cha magurudumu, Bi Twila, kabaki chini ya ngazi anasikiliza kwa spika, na mwenyekiti anamshukuru kwa kuhudhuria. Zamu yangu ikafika, mheshimiwa mmoja akauliza, "Mzee, umeme ukikatika mnafanyaje?" Mshauri, ukumbi mzima unanitazama, ningesemaje? Nikasema, "Kwangu hakulali giza, nina jenereta niliyoiunda mwenyewe kwa injini ya trekta!" Wakapiga makofi. Mheshimiwa akawageukia wenzake, "Mnaona? Watu wa milimani hawapendi kubembelezwa." Kifungu cha mashine wakakifuta, mimi wakanipa hati ya pongezi yenye muhuri wa dhahabu.

Ukweli ni kwamba jenereta hiyo ilikufa miaka miwili iliyopita, panya wamezalia ndani. Dreama aliisoma hati akasema, "Itundike. Umeme ukikatika nitaivuta puani." Akabeba mashine yake akahamia kwa dada yake mjini, wiki ya tatu sasa, nakula maharage ya kopo. Nimrudisheje bila kuaibika, maana hati yenyewe ni halali, ina muhuri?

Orval, Nyumba ya Juu

Mzee Orval, pole kwa maharage. Kwa mengine sikupi pole.

Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe umeficha maradhi ambayo hata si yako! Mkeo anatafuta pumzi, wewe unatafuta makofi. Wale waheshimiwa walikuwa wakimsubiri mzee wa kuwaambia kwamba hakuna tatizo, ukajipeleka umenyoa ndevu.

Sikiliza. Unasema kifungu kimefutwa, lakini muswada bado unakwenda baraza la pili la bunge, na huko wanasikiliza watu pia, wanaweza kukirudisha. Piga simu leo uandikwe. Siku ya kikao pakia jenereta kwenye gari lako pamoja na panya wake, uiegeshe mlangoni. Usipande ngazi. Kaa chini pamoja na Bi Twila, wakiita jina lako jibu kwa sauti hiyo unayojisifia, kwamba mashahidi wawili wako huku na waheshimiwa wana miguu. Wakishuka, waombe waiwashe. Hati warudishie.

Na Dreama usimwambie arudi. Kwa dada yake umeme upo, abaki huko mpaka kwako upatikane wa uhakika. Ukitoka kikaoni, gonga mlango wao, vua kofia, mwambie maneno mawili tu: umesema ukweli, kisha ukaketi.