Kasiksi ya Mama Itanywewa Siku ya Matanga

Bunia, Mudzipela
Tarehe 8 septemba 2025

Mpendwa yaya Mumbere, kaka yangu mukubwa,

Jambo sana, weye na bibi yako Sandrine na watoto. Afya iko namna gani kule Epulu? Ule mugongo uliokuwa unakusumbua juu ya kulala chini ya magari ya station ukitengeneza, umepona ao ungali unaita dawa? Hapa siye tuko, Mungu anatuchunga. Mutoto wangu Orly alitoka malaria wiki jana, na sasa anakula mpaka napika mara mbili. Mvua inanyesha kila mangaribi, mahindi ya nyuma ya nyumba imesimama vizuri.

Yaya, nilisikiliza vocal yako, ile sauti uliyorekodi kwenye groupe ya famille. Niliisikiliza mara tatu, juu nilifikiri nimesikia mubaya. Ulisema siku ya posho, jumamosi tarehe 27, siku ya kumaliza matanga ya mama, watu watakunywa bière ya kasier peke yake, ile ya chupa za duka, na kasiksi yangu, pombe ya ndizi, isionekane hata jikoni. Weye ni mutoto mukubwa, neno yako ni neno. Lakini tulitoka tumbo moja, kwa hiyo nakujibu: kasiksi itakuwa pale, tena mbele, kwenye meza yenye kitambaa cheupe.

Siandiki haya kwenye groupe, juu kule kila mutu ana mudomo. Hii ni ya weye na mimi.

Najua kitu inakuuma. Ni ile Paska, kwenye ubatizo wa mutoto wa binamu yetu Alliance. Kasiksi yangu iligeuka siki, watu wakaacha vikombe vimejaa chini ya viti, na weye ulikuwa umekaa karibu na padri. Ulitazama viatu vyako mpaka mwisho. Sasa sikia: ile haya iliniingia mimi kuliko weye. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutengeneza bila mama.

Sikukosa ndizi muzuri, nilitafuta zile za upande wa Komanda, nikaziivisha kwenye shimo siku ine. Sikukosa mutama ya kukaanga. Nilikosa joto. Bunia unaijua: muchana jua inachoma mabati, asubuhi unatafuta pullover. Kasiksi haipendi hivyo. Ikisikia baridi inalala, ikisikia moto sana inaharibika. Mama alikuwa anajua kwa mukono wake. Mimi ule mukono sina, na sitadanganya mutu kama niko nao. Basi nikatafuta kitu ya kujua kwa nafasi yangu.

Unakumbuka frigo yangu iliyokufa moteur, ile uliniambia nitupe? Sikuitupa. Mulango wake unafunga vizuri, joto haitoki. Ndani, chini kabisa, nikafunga ampule mbili za taa ya pikipiki, zinawakia batri ya panneau ya jua, juu courant ya hapa siitegemei hata kwa kuchaji telefone. Halafu Fiacre, jirani yetu wa kuku, akanipa thermostat ya couveuse yake ya zamani, ile ya kuangulia mayai. Ni kisanduku kidogo chenye namba nyekundu na waya murefu wenye kichwa cha kusikia joto. Ikiwa baridi, inawasha ampule yenyewe. Joto ikitosha, inazima.

Fiacre aliniambia neno moja tu, tena kwa ukali: usiguse namba. Kwa wenye kuku ile ni sheria, ukigusa namba vifaranga vinakufa ndani ya yai. Na mimi, mujinga, nikatii kama mutoto wa communion. Nikaingiza bidon mbili za kasiksi, nikafunga mulango, nikaenda misa. Namba ilikuwa 37 na nusu! Joto ya yai, yaya! Siku ya pili kufungua, mawee, ile harufu ilitoka mpaka barabarani. Kasiksi ilikuwa inanuka kama soksi ya mulinzi. Majirani wakaja kuuliza kama vifaranga vimetoka. Mpaka leo soko nzima inaniita Mama Couveuse, na ninaitika.

Na weye pia ulituma vocal ya kucheka. Dakika moja nzima, hakuna hata neno ndani, kucheka tu.

Cheka. Mimi nilimwaga yote kwenye shimo, nikaosha bidon, nikarudi kwa Fiacre kumwambia leo namba nitaigusa. Nikaishusha mpaka 25. Kile kichwa cha waya, nikakiondoa kwenye hewa, nikakifunga na kitambaa kwenye ubavu ya bidon, juu nataka kujua joto ya kasiksi, joto ya frigo haina kazi na mimi. Halafu nikaona kitu: kasiksi ikianza kutoa mapovu, inajipasha yenyewe, inapita 28 na ampule zimezima. Nikatafuta thermostat ya pili na ventilateur, feni ndogo ya ordinateur. Sasa joto ikizidi, inavuta hewa ya inje. Siku mbili namba inazunguka pale pale, 25, 26, 25, na mimi niko kwenye shamba yangu napalilia.

Ile mara ya pili ya machine ilikuwa ya kunyweka. Ya tatu nikampelekea mama mudogo Félicité. Unamujua, tangu dada yake azikwe hajasifu chakula ya mutu. Akakunywa yote, akafuta mudomo na pagne ya kiunoni, akasema: «Mutama imezidi. Dada yangu alikuwa anaweka kidogo kuliko hii.» Nikafikiri nimeshindwa. Nikanyoosha mukono nichukue kikombe. Akakikamata. «Nilikuambia nimemaliza? Ongeza.»

Nilienda kulilia nyuma ya nyumba, nakuambia wazi. Ya ine nikapunguza mutama.

Sasa unasema machine ni mchezo wa watoto, na watu wa kazi yako watakaokuja watatucheka. Unasema kasiksi ya mama ilikuwa ya mutungi na mikono. Yaya, weye ndo unaniambia hivyo? Umesahau baridi ya Butembo, tulipokuwa wadogo? Tulikuwa na blanketi moja tu muzuri, ya kijivu, yenye mistari mbili nyekundu. Mutungi ikiwa kazini, kasiksi inachachuka ndani, mama alikuwa anatuvua ile blanketi anafunika mutungi, na siye tunalala tumebanana chini ya pagne zake. Weye ulikuwa unalia, unasema mama anapenda mutungi kuliko siye. Asubuhi anaweka shavu kwenye tumbo ya mutungi, anangoja kidogo, halafu anaondoa blanketi ao anaiacha. Ile ilikuwa thermostat yake. Ni ule mutungi ulilipa minerval yako ya shule mpaka ukapata diplôme ya mécanique, na leo unauonea haya mbele ya watu uliowafikia kwa nguvu yake!

Kwa hiyo sikuombi ruhusa. Tarehe 27 mimi nitaonja wa kwanza, juu mwenye kutengeneza ndo anaonja, watu waone hakuna sumu. Wa pili ni weye, mutoto mukubwa. Ukiona ni mubaya, uimwage chini mbele ya wote, na sitatengeneza tena kasiksi kwa jina ya mama mpaka nife. Lakini utaimwaga kwa mukono wako, umesimama, hautaimwaga kwa vocal.

Serge wa kamyo anakuletea hii barua pamoja na chupa moja ya ile ya ine. Nimeifunga ndani ya blanketi yetu, ile ile ya kijivu, niliikuta chini ya sanduku ya mama. Katikati kuna duara iliyochakaa, pale ilikuwa inakaa juu ya mutungi. Uifungue, ukunywe, ujifunike, halafu unitumie vocal useme hapana. Nitaisikiliza.

Salimia Sandrine, mwambie nguo ya watoto ya siku ile iko kwa mushonaji. Salimia watoto, Plamedi na David, nawakumbatia. Mama mudogo Félicité anasema uje na koti, Bunia iko baridi. Mungu akufungulie barabara, akuongoze salama mpaka mulangoni kwangu.

Ni mimi dada yako, anayekupenda sana na asiyekuogopa hata kidogo,

Pétronille

Nilisahau: kifuniko cha chupa ukifungue pole pole, iko na nguvu. Blanketi unirudishie na Serge. Chupa, najua itarudi tupu.