Odeta na kichanja chetu cha dagaa

Yasmin, nimetoka ukumbini sasa hivi! Odeta wetu, mtoto wa mwenye duka Mabatini, leo ndiye mwandishi wa haki za wanyonge!

Kaulizwa msimamo wake ulianzia wapi. Eti mwaloni kwetu, pale ufukweni pa wavuvi, siku tajiri wa mitumbwi alipowafukuza akina mama kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Mwaloni! Yeye aliyekuja kwetu likizo tu, na viatu vyake vyeupe! Aliyekalia kichanja akagoma kutoka ni mimi!

Watu wanalia, wanampigia makofi. Kwa wivu, nikatoka.

Nafika getini, namsikia Odeta kwenye kipaza sauti: "Aliyekalia kile kichanja ni Sabina. Sabina, simama wakuone."

Simama! Na mimi niko nje!

Yasmin, si bora angeniibia tu? Sasa nitamchukia kwa lipi?