Cheche Zilizoimba Wimbo wa Mwalimu Kashaija

Vero, nimeharibu. Kwa ulimi wangu huu huu unaousifu.

Leo ilikuwa kumbukumbu ya Kashaija, mwalimu wetu wa kwaya, huku Ihembe. Mucyo, yule fundi wetu, alileta ile mashine yake ya cheche za umeme iimbe wimbo alioutunga marehemu. Akaniambia, "Dada MC, waeleze kwanza. Cheche ikiruka inapasha hewa moto ghafla, hewa inalia. Zikiruka nyingi zaidi kwa sekunde, sauti inapanda. Hakuna spika."

Nikaona maelezo yatapoza shughuli. Nikashika maiki nikasema, "Mwalimu anawaimbia mwenyewe."

Mwenyewe, Vero. Nilisema mwenyewe.

Cheche zikaimba. Mjane wake, Mama Gideon, akainuka akazifuata mikono mbele. "Baba Gideon, mbona hukuniaga?" Mucyo akaizima mashine mbio, la sivyo mama angeungua.

Nimempigia magoti nikamweleza yote. Amenishika kichwa tu, analia.

Sasa wazee wa kanisa wanataka Jumapili mimi na Mucyo tusimame tuombe radhi kwa kuleta mizimu. Mizimu ipi? Kosa ni neno langu, na nimelitubu kwa mwenye msiba. Kwa mizimu yao siombi radhi.