Talaka Moja na Pesa ya Mguu

Jumanne, 10 Juni 2025

Wamenikatalia. Pesa ya mguu, ile ya serikali ya walemavu, hakuna. Na wala si mguu wenye kosa — daktari wao kautazama, kaandika, kakiri kwamba kweli kuanzia goti kushuka hakuna kitu. Sikumbishia. Aliyeniangusha ni Shufaa. Mke wangu ana biashara ya kupika, anapeleka vyakula vya mchana maofisini Marshalltown, na karatasi za benki zinamwanika. Dada wa dirishani kanieleza: ukiwa na mke, anachoingiza mke kinahesabiwa na chako. Nikamwambia njoo nyumbani, umwombe hela ya sigara, halafu tuhesabu. Kacheka. Muhuri kapiga palepale.

Miaka kumi na minane nimeendesha lori. Durban, Harare, Lusaka, Lubumbashi, nimelala mipaka ambayo mbu wake wanaomba pasipoti. Darasa la saba, lugha saba! Na karatasi za ukaazi wa kudumu juu yake. Leo naomba hela ya vocha kama mtoto wa chuoni. Na Shufaa hanyimi, huo ndio ubaya wake. Anatoa kabla sijamaliza kuomba.

Jumamosi, 14 Juni

Baridi ya kukata masikio. Évariste kaja kuota hita yetu. Huyu Mkongo kapanga chumba cha uani, analinda duka la makochi. Anasema kuna mtu wa kwao kule mtaa wa Kensington alikataliwa kama mimi. Akaachana na mkewe, akala kiapo cha maandishi polisi, akapata.

"Kama ule bibi haiko tena wako, makuta yake haihesabiwi, mon vieux." Makuta kwao ni hela.

Shufaa alikuwa mezani hapohapo, anakunja sambusa. Nami kinywa changu! Nikachukua moja ya moto, nikaing'ata, nikasema mbele ya Évariste na mbele ya binti yetu Bushra: "Shufaa, nimekuacha. Talaka moja. Nikapate pesa yangu."

Évariste kacheka hadi kakohoa. Nilicheka mwenyewe. Bushra kayaondoa macho kwenye simu, na hilo si jambo dogo. Shufaa kakunja sambusa mbili zaidi. Akanawa mikono, akavaa baibui, akatoka.

Magharibi imeingia, hajarudi. Atakuwa kwa rafiki yake Tabia. Atanuna mpaka kesho.

Jumapili, 15 Juni

Hakuwa kwa Tabia. Alikuwa kwa Maalim Khatibu, msikitini. Karudi na jibu: talaka haina mzaha. Ukisema umesema, uwe unalia, uwe unacheka, uwe na sambusa mdomoni.

Nimempigia Maalim nimweleze nia yangu. Kaniambia, "Naseeb, nia kaiweke kwenye saumu." Alichouliza ni nilitamka au sikutamka. Nimetamka. Basi. Ila nina nafasi, kasema: eda haijaisha, neno moja tu la kumrejea na ni mke wangu tena. Ikiisha bila neno hilo, ni mahari mpya, na yeye akubali. Kanihimiza nirejee leoleo.

Sasa hapa ndipo akili ya dereva inapoonekana. Nimeachana kweli, kwa sheria ya Mungu — kiapo changu si uongo! Nichukue pesa ya mguu kwanza, nimrejee mwishoni. Nimevuka mpaka wa Beitbridge mara ngapi lango likiwa linafungwa?

Nimemweleza Shufaa mpango wote. Kanisikiliza vizuri.

"Fanya uonavyo, Bwana Naseeb."

Bwana Naseeb! Miaka kumi na sita naitwa Baba Bushra.

Jumatano, 18 Juni

Polisi wa kiapo kaniuliza tumetengana tangu lini. Jumamosi. Sababu? Sambusa. Hakuandika.

Ofisini mambo yakagoma kwenye anwani. Mbona nyumba moja? Nikawaeleza: kwetu mke aliyeachwa hatoki mpaka eda iishe, ni haki yake, mimi ndiye nimehamia kochini. Dada wa dirishani kamwita mwenzake, mwenzake kamwita bosi. Bosi kaniuliza, kwa hiyo ametoka lakini hajatoka? Nikasema sharp, barabara, umeelewa. Hakuelewa. Wataleta mtu nyumbani atazame kwa macho yake.

Ijumaa, 27 Juni

Shufaa kapiga hodi sebuleni. Hodi, nyumbani kwake! Anadai matumizi ya eda. Nikamwambia mama, wewe una biashara, mimi nina magongo. Akasema hakuweka yeye sheria. Nikampigia Maalim ili anitetee. Maalim kamtetea yeye.

Nimeuza televisheni yangu. Nimenunua mchele, mafuta, kuku wawili, na Évariste kanisaidia kubeba. Shufaa kapika pilau, kaniletea sahani kwenye kochi. Mchele wa kwanza kumnunulia tangu lori liliponilalia pale Musina. Kasema, "Mchele mzuri huu." Tu. Nimekula sahani tatu na usingizi sikupata. Pilau nzito.

Jumapili, 10 Agosti

Kochi limenimaliza mgongo. Na huyu mwanamke! Hina miguuni. Udi kila jioni, mpaka Évariste kauliza harusi ya nani. Anapita mbele yangu taratibu, anakwenda jikoni kufuata kijiko. Anarudi. Kijiko hana.

Nimekwenda kwa Maalim kulalamika kuhusu udi. Kasema inaruhusiwa. Kila kitu cha Shufaa kinaruhusiwa.

Leo nikafanya hesabu yangu ya eda kwenye kalenda. Kumbe haihesabiwi kwa kalenda! Ni kwa twahara zake baada ya hedhi, na anayezijua ni yeye. Nikamuuliza tumefika wapi. "Hesabu ni yangu." Mimi niliyekuwa najua saa ya kufungwa kwa kila lango kuanzia hapa hadi Kasumbalesa.

Bushra kaniambia kwa Kiingereza chake cha haraka — Kiswahili anakisikia, kukisema anaona taabu — kwamba mama kaulizia nyumba Kensington. Vyumba viwili. Chake na cha Bushra. Nikasema mimi je, nilale wapi, bafuni? Bushra hakucheka. Mtoto huyu zamani alicheka mpaka nikipiga chafya.

Jumatano, 27 Agosti

Ofisi imepiga simu: kesho saa nne mtu wao anakuja.

Nilikwenda jikoni nimrejee Shufaa. Kweli nilikwenda. Mpango wa pesa nikautupa mlangoni, wallahi, nikaingia na neno tayari mdomoni. Kilichotoka ni: "Mama, lango linafungwa saa ngapi? Nina mzigo unaooza."

Kaweka mwiko chini.

"Maalim kaniambia hata ukinirejea kwa mzaha, nimerejewa. Sitakuwa na la kusema. Kwa hiyo nakuomba wewe. Usinirejee kwa mzaha."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nikasema ni kitunguu. Hakukuwa na kitunguu.

Alhamisi, 28 Agosti

Kaja. Mama mmoja mnene, mpole, na faili. Kaniomba radhi kabla ya kila swali. Kaona kochi, kaona blanketi langu, kaona magongo. Kaingia chumbani kwa Shufaa, akatoka. Koridoni kuna mabegi mawili, yamefungwa. Kauliza, huyu bibi anahama? Shufaa kamjibu mwenyewe kutoka jikoni: leo au kesho, Mungu akipenda.

Leo au kesho! Basi hesabu ya eda ndiyo hiyo, nimeisikia pamoja na serikali.

Mama wa ofisi karidhika. Anasema hakuna tena tatizo, mguu ushapita, nitapata. Kabakiza saini moja. Mstari unasema tumetengana na hakuna nia ya kurudiana. Kanipa kalamu, simu yake ikalia, kaenda kuongea garini. Kasema nisome taratibu, nisiharakishe.

Nimesoma. Ni mstari mmoja.

Pesa yangu mwenyewe. Ya mchele, ya vocha, ya kuku wawili kila Ijumaa bila kumtazama mtu usoni. Kila mwezi mpaka nife. Naandika hapa kwa kalamu yao ili mkono usikae bure.

Bomba la jikoni lilikuwa linamwaga maji. Limefungwa. Hakuna chombo kinacholia.

Nimeita, "Shufaa."

"Abee."

Abee! Tangu Juni sijaisikia hiyo. Ilikuwa "unasemaje, Bwana Naseeb".

Neno la kumrejea ninalo, fupi, hata mlevi analiweza. Nimejitazama kwenye kioo cha simu: nacheka. Sijafurahi, sina cha kuchekesha, mdomo umejipinda wenyewe kama ulivyozoea mbele ya maaskari wa mpakani. Nimeufuta kwa kiganja. Umerudi. Nimeufuta tena.

Mlango wa gari umefungwa nje. Viatu vya yule mama hivyo vinakuja, kalamu yake lazima nimrudishie. Shufaa kasimama kwenye mlango wa jikoni, mikono inachuruzika maji. Hatazami karatasi. Ananitazama mdomo.