Mahindi ya kupasuka ya Tereza

Elisabethville, siku ya posho, mwezi wa tano

Na mimi njo nilijivuna juu ya kinywa hii! Sasa jina ya muke wangu Tereza itauzishwa kesho ku mupira, na sijue kama ni kweli ao uongo.

Tangu tulizika Tereza, chakula yote iko sawa karatasi mu kinywa. Sikuambia muntu.

Leo Veronika, binti ya dada yangu, akaniletea mahindi ya kupasuka mu bifuko bitatu. Moja alikaangia mafuta ya kalanga, ingine mawese, ingine siagi. Tereza hakuonyeshaka muntu mafuta yake. Ni mimi tu nilijua utamu yake.

«Yomba, weye ulionja kuku, ukajua alizaliwa Kambove. Funga macho! Ya Mama Tereza ni gani?»

«Kambove, kando ya gare ya treni,» nikasema. «Leta.»

Nikatafuna ya kwanza. Hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu ilikuwa ingali na moto kidogo, basi nikachagua ile.

«Njo hii! Tereza angeionja, angeuliza nani aliiba sufuria yake.»

Veronika akacheka, kiisha akalia. «Nilijua! Kesho nitauzisha ku mupira, nitaita: mahindi ya Mama Tereza!»

Hata machozi yake haikunifikia.

Kifuko ile aliniachia, iko hapa ku meza. Nimekula yote, ulimi haikusema kitu. Chumvi tu imebakia chini, inaunguza kidole nilikata juzi ku kazi.

Natia tena kidole, nakiacha mule.