Shati ya Kambale

Siku ya posho, 3/3/2001

Suruali tatu zimeisha kushonwa. Mashine inakwama tena. Chai bila sukari. Donc siku kama zingine, lakini mimi ni mutu wa bahati, niandike hapa, karatasi haina wivu. Hii vita imepita mutaa yetu ya Mususa nyumba kwa nyumba na kwangu haikubeba mutu. Batoto wane, wote wazima. Majirani banauliza nilikunywa dawa gani. Nabajibu: nilisoma mpaka ya ine primaire tu, mais Kampala nimefika mara mbili. Kifo hakipendi kufuata mutu mwenye kutembea sana.

Kesho, yenga, kisha misa ninapeleka batoto juu ya kilima ya Kyondo baone lac, ile ziwa kubwa. Hawajaiona hata siku moja. Mama Paluku, bibi yangu, hakucheka.

Anajua sababu. Kambale, mutoto wetu wa pili, ana miaka kumi na ine. Tangu Noeli iko na vijana wa musitu, bale banapigana na basoda, chini kule upande ya lac. Hapa tunasema iko Eringeti, kwa mujomba wake, analima. Mama Furaha, muuza samaki, ameahidi kumuleta kesho saa sita kwenye jiwe kubwa ya juu. Nani atashuku baba anatembeza batoto?

Nimemushonea shati. Nimeongeza vidole viwili kwenye mabega. Lazima amekomaa.

Mais iko muzima. Donc vita haikumubeba.

Siku ya yenga, 4/3/2001

Lori ya mboga ya poireau ilitufikisha Kyondo. Kisha miguu. Paluku, mukubwa, ana mguu mumoja mufupi, mais alitangulia, hapendi kungojewa. Kasereka aliokota mbegu za eucalyptus akajaza mifuko. Kakule, wa miaka tano, kwenye shingo yangu, anauliza nani anajaza maji mu lac. Nikamwambia ni mimi, kabla ya kuoa. Aliamini. Tulicheka sana. Niandike hiyo pia, tulicheka.

Nusu ya kilima, barrière. Basoda tano, bunduki mukononi, muti na kamba ya kufunga njia. Mimi mwenye kinywa sikuogopa. Suruali ya commandant wao nilikuwa nimeishona mwenyewe. Nikawaambia naijua kiuno yake kuliko bibi yake. Bakacheka. Tulikuwa karibu kupita.

Kumbe mumoja wao ni Munande kama siye. Kijana mutulivu. Akauliza batoto majina, kwa kucheza tu. Paluku. Kasereka. Kakule. Na vidole vyake vilikuwa vinahesabu. Kwetu jina ya mutoto mwanaume ni namba yake: wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Nilitayarisha uongo ya safari, ya samaki, ya misa. Majina nilisahau. Nani anafikiri majina?

« Eh, Papa Paluku, wa pili uliruka? »

Eringeti ilikuwa kwenye ulimi. Mais kila baba mwenye kijana mu musitu anasema Eringeti. Banajua.

« Alikufa, » nikasema. « Surua. »

Mbele ya bandugu zake. Kasereka alinitazama. Soda akavua kofia. Alisema naye alizika ndugu kwa surua. Kisha akafanya mubaya kwa roho nzuri: akabeba Kakule kwenye mabega yake, bunduki mbele, akatupandisha mwenyewe mpaka kwenye jiwe, mutu asitusumbue.

Saa sita. Lac yote chini, nyeupe kama sahani. Nikaanza kusema kwa nguvu. Nikacheka kwa nguvu, nikaita « soda yangu, soda yangu », ili mwenye masikio asikie. Hakuna mutu alitokea. Tulipokuwa tunashuka Paluku alinong'ona: majani chini ya jiwe yalitikisika, na hapakuwa na upepo.

Shati imerudi mu kifuko.

Siku ya kwanza, 5/3/2001

Kakule amesema kwa mama yake, mbele ya bamama kwenye robinet ya maji: Papa amesema Kambale alikufa. Mama yake alilia pale pale: jana nilimwambia tu mutoto hakutokea, ya surua nilimuficha. Nilipomunong'oneza ukweli, kiwanja ilikuwa imejaa. Ndizi, kuni, mikeka. Wa kwaya banaimba. Niseme nini? Kwamba iko hai? Watauliza, wapi?

Nikakaa chini. Nikapokea pole.

Mama Paluku amenyoa nywele. Anajua mutoto iko hai na machozi yake ni ya kweli. Hilo sielewi. Aibu inanichoma.

Siku ya ine, 8/3/2001

Mujomba amefika kutoka Eringeti. Habari ilimukuta njiani: mutoto amefia kwake. Wazee bakamugombeza mbele ya watu wote. Unazikaje mutoto bila kuita baba yake? Mbwa ndiyo inazikwa hivyo. Aliinamisha kichwa. Mutoto hakufika kwake hata siku moja, mais alikubali kosa. Kisha akakaa karibu yangu, tukakula fufu sahani moja.

Siku ya posho, 10/3/2001

Matanga imeisha. Tumefagia. Yule soda Munande alileta kuku. Nimeichukua. Namuchukia na hana kosa.

Siku ya yenga, 18/3/2001

Mama Furaha amepita kisha misa. Samaki mbili za chumvi, zimefungwa mu majani. Kambale ametutumia. Siku ile alikuwa chini ya jiwe, amelala kifudifudi. Alisikia kicheko yangu, akanijua, akajua niko na soda. Sasa amesikia habari ya matanga yake.

Alituma neno: Papa amefanya vizuri. Basoda hawatamutafuta kwetu tena, hawatatusumbua. Ila asingojewe. Mutu watu walikwisha kumulilia, atapita mu Mususa na sura gani?

Mama Paluku amepika samaki. Tulikula. Kakule aliuliza kama zilitoka mu lac yangu. Nikasema ndiyo.

Mchana nilifumua mabega ya shati, nikapunguza mikono. Kasereka anaivaa. Imemukaa vizuri.

Mwanzo ya hii karatasi niliandika vita haikubeba mutu kwangu. Ni uongo. Ilikuwa uongo hata siku ile naandika.