Jiwe Lile Halikupasuliwa na Radi

Kaka Masanja,

Shikamoo. Hiyo naitoa kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa sababu wiki hii umeistahili. Na kwa kuwa siku hizi simu zangu hupokei, nimemwomba mwenyekiti wa mtaa aibandike barua hii kwenye ubao wa matangazo, nje ya ofisi yake, na picha yake akutumie wewe. Si unapenda vibao? Basi na mimi nimeweka changu.

Kibao chako nimekisoma mara tatu. Kina rangi ya bluu, kimesimikwa kwa zege mbele ya jiwe letu kule kilimani, mahali ambapo watu wanaokwenda kuliona daraja la Kigongo wanakiona wakiwa barabarani. Kinasema jiwe hilo lilipasuliwa na radi siku mtemi alipotawazwa, na kwamba weusi ule ubavuni ni alama ya moto wa mbinguni. Kwanza nilicheka. Halafu hasira zikanishika.

Moto gani wa mbinguni, kaka? Yale yalikuwa matairi ya lori. Mama aliyaokota barabarani, akayaviringisha hadi kilimani peke yake, akayachoma juu ya jiwe hilo kutwa nzima. Wewe na mimi tulikuwa tunapanda na ndoo za maji ya ziwani, wewe mbele, mimi nyuma. Jiwe likishapata moto wa kutosha, mama anasema, "Mwageni sasa, mrudi nyuma!" Unakumbuka lilivyolia siku ya kwanza? Uliruka ukanikumbatia mimi mdogo wako, kidume kizima. Tulifanya hivyo wiki tatu mpaka likagawanyika, ndipo mama akaanza kuigonga nusu moja kuwa kokoto. Sekondari ulikwenda kwa nyundo ile.

Na jicho lake la kushoto lilibaki palepale. Kipande cha jiwe kiliruka ukiwa umesimama naye. Wewe ndiye uliyemshika mkono kumpeleka zahanati, ukilia njia nzima, na siku hiyo nilikupenda sana. Mwaka uliofuata ukaja nyumbani na rafiki zako wa bwenini, nikakusikia ukiwaambia, "Mama amezaliwa hivyo." Mama naye alisikia. Aliendelea kusonga ugali. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule najuta hadi leo.

Kwa hiyo hii si mara yako ya kwanza. Nilipokupigia kuhusu kibao, kabla hujaanza kunikimbia, ulinijibu, "Acha hizo bwana. Nani atasimamisha gari kuangalia mahali mama mmoja alipogonga kokoto?"

Mama mmoja! Mji huu wote ulimwita Mama Masanja. Sokoni Mama Masanja, kanisani Mama Masanja, hata wachimba kaburi waliuliza kama hapo ndipo anapolala Mama Masanja. Maisha yake yote aliitwa kwa jina lako, na wewe jina lake, Kabula, limekushinda kuliandika hata mara moja. Umemwandika mtemi ambaye hajawahi kukununulia hata penseli.

Kuna jambo moja huwezi kuniambia umelisahau. Yule tajiri wa lori aliyekuwa akinunua kokoto za mama alikuja kuitaka nusu iliyobaki, akasema ndiyo nzuri, haina nyufa. Mama alikuwa na jicho moja wakati huo, na shida zetu zilikuwa zilezile. Akamjibu, "Hiyo hapana. Masanja atasomea wapi?" Maana juu ya nusu hiyo ndiko ulikokuwa unakaa na madaftari yako ukifukuza mbuzi, kwa kuwa chumba chetu kilikuwa na giza hata mchana. Tajiri alicheka. Mama hakucheka. Jiwe likabaki hadi leo, ukapata mahali pa kusimika kibao chako.

Jumamosi utashuka stendi ya Nyegezi na suti yako kuja kwenye uzinduzi wa kibao. Kamati imeniomba mimi, kwa kuwa ndiye niliyebaki hapa, nisimame niwaeleze wageni habari za jiwe. Nasikia umewaahidi kwamba nitasema kama kibao kinavyosema. Kusimama nimekubali. Hilo lingine ulikubali wewe.

Fundi aliyekiandika yupo. Nimemuuliza, anasema kufuta na kuandika upya ni kazi ya asubuhi moja. Asipopata simu yako kabla ya Jumamosi, nitaanza na matairi, nije kwenye ndoo, halafu jicho. Na hapo kuna mgeni lazima atauliza kwa nini nusu moja haikuguswa. Nitanyoosha kidole, nimwonyeshe wewe, pale ulipokaa kwenye kiti cha mbele.

Mdogo wako,
aliyebeba ndoo ya nyuma